Taa ya bei ndogo haina kosa, kosa ni namna tunaifunga

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama mnaobaki nyumbani mkisikiliza kama gari imerudi,

Mwisho wa kiangazi kilichopita tulimtoa mwenzetu ndani ya shimo, mguu umevunjika. Ilikuwa saa moja ya usiku. Tukamlaza juu ya godoro nyuma ya jip ya kamati, tukashika njia kutoka Lusangi kwenda Kasongo. Shofere akawasha taa mpya, ile ndefu ya LED ambayo mafundi wanaita rampe. Barabara ikawa nyeupe kama mchana. Tulifurahi, sababu taa ile tulikuwa tumeichangia sisi wenyewe, kila mtu na furanga zake.

Saa nne moshi ukatoka chini ya kapo. "Simamisha! Iko moshi!" Shofere akazima rampe, lakini moshi haukuisha. Ikabidi ang'oe waya wa batri kwa mkono, akaungua vidole. Waya ya rampe ilikuwa imeyeyuka, na ikayeyusha waya za taa za gari zilizopita kando yake. Hakuna taa ndogo, hakuna taa kubwa. Tulibaki pale mpaka kulipopambazuka, mwenzetu analia, sisi tunamfunika na makoti yetu. Alifika hospitali jua liko juu. Leo anatembea na fimbo. Hatusemi kama mguu ungepona wote, sisi si waganga. Tunasema tu kwamba yale masaa ya usiku ule, ni sisi tuliomwibia.

Kiisha mambo hayo, wengi walisema: "Ni taa ya Chine, bei ndogo, mlitazamia nini?" Sisi pia tulisema hivyo siku za kwanza. Lakini tuliporudisha gari kwa fundi mwingine, akaifungua taa, akaiunganisha na batri peke yake: ikawaka vizuri. Taa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mita tatu za waya nyembamba, iliyopitishwa katika tundu la chuma bila mpira, bila fizibule hata moja. Gari ilipotikisika, chuma kikakata ngozi ya waya, waya ikagusa masi, na batri ikatoa nguvu yake yote kwa mara moja. Fizibule ya bei ya mkate ingekatika pale pale, na safari ingeendelea na taa za gari.

Ndiyo maana tunaandika. Kwa maoni yetu rampe ya bei ndogo inatosha kwa barabara zetu, mradi pesa iliyobaki iende kwenye waya, fizibule na rele. Tena, pesa hiyo haipaswi kutoka mfukoni mwa mchimbaji.

Tuanze na kununua. Mtu akifika sokoni anasoma namba kwenye karto: wati 200, wati 300. Sisi tulinunua ya wati 300. Wandugu, namba hiyo msiiamini. Wanaotengeneza wanahesabu vipande vya LED vilivyo ndani, wanazidisha na nguvu ambayo kila kipande kingeweza kubeba, kiisha wanaandika jumla. Hesabu ya kweli ni nyepesi: volti mara ampere ndiyo wati. Taa ya wati 300 kwa batri ya volti 12 ingekula ampere 25. Fundi alipopima ya kwetu na kile chombo chake cha kupimia umeme, ilikula ampere 6. Ni kama wati 72. Tena inatosha! Ila tulilipa bei ya 300. Kwa hiyo nenda dukani pamoja na fundi na chombo chake, upime mbele ya mwenye duka kabla ya kulipa. Akikataa, nenda duka lingine.

Kitu cha pili ni volti. Jip nyingi ziko za volti 12, lori nyingi ziko za 24. Tafuta taa iliyoandikwa 10-30 V, itakubali zote mbili. Cha tatu ni maji. Ikiandikwa IP67, maana yake vumbi haliingii, na inaweza kukaa ndani ya maji ya mita moja kwa nusu saa. Kuandika ni rahisi. Wewe omba beseni la maji, zamisha taa nusu saa, mwisho wa waya ubaki nje. Ukiona povu linatoka, au ukungu ndani ya kioo, irudishe. Mvua yetu inaanza Septemba na Oktoba na kuendelea mpaka Mei, na haitauliza karto imesema nini.

Cha nne ni namna mwanga unavyokwenda. Iko taa inayotupa mwanga mbali na mwembamba, iko inayoutandaza karibu na kando, na iko inayochanganya yote mawili. Barabara yetu haina mahali pa kukimbia. Hatari iko karibu: shimo la maji, daraja la miti iliyooza, mama na kitunga mgongoni. Chukua inayochanganya au inayotandaza, yenye urefu wa sentimita 50 hivi. Ile ya mita nzima ni ya kujionyesha. Na kama gari inatembea sana wakati wa vumbi au ukungu wa alfajiri, taa ya rangi ya manjano inasumbua macho kidogo kuliko nyeupe kali.

Wengine wanaona haya kununua kitu cha bei ndogo. Wazee wetu waliingia shimoni na taa ya karbiri. Leo kila kijana ana LED kwenye paji la uso. Sababu ni kwamba miaka ya mwanzo ya 1990 watafiti wa Japani walipata namna ya kutoa mwanga mkali wa buluu, na kutoka buluu hiyo mwanga mweupe ukapatikana. Akasaki, Amano na Nakamura walipewa tuzo la Nobel la fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Tangu hapo viwanda vingi vimetengeneza, bei ikaanguka. Bei ndogo ya LED si alama ya wizi. Wizi ni namba za uongo.

Sasa kufunga, na hapa ndipo watu wanakufa. Wamama na watoto wasome pia, sababu nao wanapanda hizi gari.

Waya iwe ya shaba, milimita za mraba 2,5 kwa taa kama hiyo. Kwaruza ncha na kisu: ikiwa nyeupe ndani, ni aluminium iliyopakwa rangi ya shaba, iache. Fizibule iwekwe karibu na batri, kama urefu wa kiganja, sababu kazi yake ni kulinda waya yote inayoifuata. Kwa taa inayokula ampere 6, fizibule ya 10 inafaa. Ikikatika, tafuta sababu. Usiweke waya wala karatasi ya sigara mahali pake. Ni sawa na kung'oa mti unaoshikilia dari ya shimo kwa kuwa unakuzuia kupita.

Rele ni kile kisanduku kidogo kinachobeba umeme mkubwa, ili kitufe cha shofere kibebe mdogo tu. Miguu yake ina namba: 30 inatoka batri kupitia fizibule, 87 inakwenda kwa taa, 85 na 86 ndizo zinaamrisha. Hizo mbili ziunganishwe na taa kubwa ya gari, kitufe kiwe kati. Hivyo, shofere akishusha taa, rampe inazimika yenyewe. Fundi awe mwangalifu: jip nyingi za Toyota zinawasha taa kubwa kwa upande wa masi, si upande wa plus. Apime kwanza. Akiunganisha kwa mazoea, rampe itawaka wakati haifai.

Kila tundu la chuma liwekewe mpira. Waya ifungwe mbali na moteri na bomba la moshi. Buloni ziwe na rondeli ya kuzuia kulegea, na zikazwe tena baada ya safari ya kwanza. Na taa ikae mbele, juu ya kile chuma kinachokinga gari, si juu ya paa. Juu ya paa matawi yanaipiga, tena mwanga unagonga kapo na kumrudia shofere.

Kwa nini tunasisitiza izimike yenyewe? Kwa kuwa tuko na kosa lingine la kuungama. Wiki mbili kabla ya usiku ule wa moshi, tulikutana na kijana wa pikipiki, amefunga bido mbili za mawese. Rampe yetu ilikuwa na kitufe chake peke yake, na shofere hakukumbuka kukigusa. Kijana hakuona kitu, akaingia ndani ya mtaro. Alipona, mawese yakamwagika yote. Tulimlipa, lakini tulijua angeweza kuwa na mama mja mzito nyuma yake.

Ndani ya shimo kila mmoja wetu anajua adabu: ukikutana na mwenzako, unainamisha kichwa ili taa yako isimpige machoni. Hakuna aliyetufundisha kwa karatasi. Asiyeinamisha tunamkemea pale pale, awe mdogo au mkubwa. Kwa nini tukipanda jip tunaisahau adabu hiyo? Ukimpofusha mwingine, atakugonga wewe.

Tuseme sasa juu ya nani alipe. Kazi nyingi za usalama kwetu zimegeuka mchango. Kofia, mchango. Kamba, mchango. Sasa taa ya gari, mchango. Jip ya kamati ni yetu, tuilipie sisi, ni sawa. Lakini zile gari zinazobeba wachimbaji na mizigo yao kwa nauli, na zile za wenye kazi zinazorudisha zamu usiku, taa zake ni deni la mwenye gari. Code ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamdai mwenye kazi alinde usalama na afya ya watumishi wake, na inataka iwepo kamati ya usalama na usafi kazini. Delege wa sandika aliye ndani ya kamati hiyo, kazi yake si kunywa soda ya mkutano. Aulize juu ya gari.

Tunajua jibu la wenye gari: faida ni ndogo, mafuta yamepanda, barabara inavunja resori kila wiki. Ni kweli, na sisi tunapita barabara hiyo hiyo. Lakini waya, rele na fizibule vyote pamoja havifikii bei ya gurudumu moja. Hakuna mwenye gari anayewaambia abiria wachangie gurudumu kabla ya kupanda.

Wengine watasema: "Msitembee usiku, basi." Tunakubali. Kwa kazi ya kawaida, gari ilale, watu walale. Taa kali haiponyi breki mbovu, haipunguzi watu thelathini waliopakiwa nyuma, na shofere aliyechoka anaweza kusinzia hata barabara ikiwaka kama mchana. Asitokee patro akafunga rampe kusudi aongeze safari za usiku. Lakini uchungu wa kuzaa hauchagui saa, na udongo wa shimo hauangalii jua unapoporomoka. Kwa safari hizo tunataka taa inayowaka mpaka kufika.

Basi tunaomba mambo matatu tu, na kila mmoja anaweza kuyadai kabla ya kupanda usiku. Mwambie shofere afungue kapo akuonyeshe fizibule karibu na batri. Mwambie awashe taa kubwa, kiisha aishushe, uone kama rampe inazimika. Tena shika taa kwa mkono uitikise: ikicheza, buloni zimelegea. Hayo hayachukui hata dakika tano, na hayahitaji masomo ya ufundi.

Mwenzetu wa fimbo ndiye sasa anayefanya ukaguzi huo kwa jip ya kamati. Aliuomba mwenyewe. Gari haitoki usiku mpaka aseme ndiyo, na mara mbili amesema hapana.