USHIRIKA HAUJENGWI KWA AMRI

Tarehe 21 Julai, 2025, Rais Prabowo Subianto wa Indonesia alikwenda Klaten, katika Java ya Kati, akazindua mpango ambao ukubwa wake ni nadra kuonekana duniani. Vyama vya ushirika vipatavyo 80,000 vilitangazwa siku hiyo, kimoja kwa kila kijiji au mtaa, vyote vikibeba jina la rangi za bendera ya taifa lao, Nyekundu na Nyeupe. Vimekusudiwa kuuza mbolea, mchele na gesi ya kupikia, kuweka maghala, kufungua maduka ya dawa na kukopesha fedha, ili mkulima na mchuuzi watoke katika mikono ya walanguzi na watoza riba.

Sisi twaipongeza nia hiyo. Lakini twauliza swali ambalo kila mfanyakazi na kila mkulima anayo haki ya kuliuliza: Je, vyama hivyo ni vya nani?

Yafaa kwanza tuwajue watu wanaokusudiwa kusaidiwa. Hesabu ya serikali ya Indonesia ya Februari, 2024, ilionyesha kuwa watu milioni 84, yaani 59 katika kila 100 wenye kazi, walikuwa katika kazi zisizo rasmi. Hao ndio akina mama wenye vibanda vya chakula viitwavyo warung. Ndio wachuuzi wa mikokoteni wasukumao supu na tambi kutoka mtaa hata mtaa. Ndio waendesha pikipiki za abiria, wachovya nta wa vitambaa vya batik, na watengenezaji wa tempe, chakula cha soya iliyochachushwa, ambao huamka kabla ya alfajiri ili bidhaa yao iwahi sokoni. Hawana mwajiri wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Mmoja wao akiugua leo, kesho jiko la nyumbani kwake haliwaki.

Nchi ile yawategemea watu hao kuliko ikirivyo. Dhoruba ya fedha ilipovipiga viwanda na mabenki mwaka 1997 na 1998, wengi waliofukuzwa kazi mijini walirudi mashambani au wakatandika bidhaa zao kando ya barabara. Vibanda vile vilivyokuwa vikidharauliwa ndivyo vilivyowalisha.

Adui wa mtu wa shamba kule ni yule yule tumjuaye sisi huku. Mkulima hukaukiwa na fedha miezi michache kabla ya mavuno. Hapo huja mlanguzi, akamnunulia mpunga ungali mbichi shambani, kwa bei aipendayo yeye mlanguzi. Desturi hiyo huitwa ijon. Siku ya kuvuna, jasho ni la mkulima, gunia ni la mwingine.

Viongozi wa uhuru wa Indonesia walilijua jambo hilo tangu mwanzo. Katiba yao ya 1945, katika kifungu cha 33, yaagiza kwamba uchumi uwe kazi ya pamoja iliyosimama juu ya misingi ya udugu. Tarehe 12 Julai, 1947, vita vya kupigania uhuru vikiwa vingali vinaendelea, wanaushirika walikutana Tasikmalaya katika mkutano wao mkuu wa kwanza. Mohammad Hatta, Makamu wa Rais wa kwanza, alifundisha ushirika kwa bidii hata wananchi wakamwita baba wa ushirika.

Basi ilikuwaje kazi iliyoanza vizuri hivyo ikapoteza imani ya wakulima wengi? Jibu limo katika historia ya karafuu, na wasomaji wetu wa Unguja na Pemba watalielewa upesi. Kwa miaka mingi Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, maana wavutaji wake hupenda sigara iitwayo kretek, iliyochanganywa tumbaku na karafuu. Baadaye Waindonesia wakapanda mikarafuu yao kwa wingi, na soko letu likaporomoka. Lakini mkulima wa kwao naye hakupona. Mapema katika miaka ya 1990, chini ya utawala wa Rais Suharto, biashara yote ya karafuu iliwekwa katika shirika moja lililoongozwa na mwanawe mwenyewe. Mkulima aliamriwa kuuza kwa chama cha ushirika cha kijiji, na chama kikaamriwa kuuza kwa shirika hilo. Bei ikaanguka. Wako waliokata mikarafuu yao, na wako walioziacha karafuu zianguke chini zioze, kwa kuwa bei haikutosha kumlipa mchumaji. Shirika lile lilivunjwa mwaka 1998.

Chama kile kiliitwa cha ushirika, lakini kilikuwa mlango tu wa kupitishia mali ya mnyonge. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mkulima wa namna hiyo akiambiwa leo kwamba chama kipya kimeletwa kutoka Jakarta, tusimlaumu akisita.

Upo mfano mwingine wa kule kule, nao ni wa kutia moyo. Benki ya Rakyat, ambayo mwanzo wake ni Purwokerto mwaka 1895, iliwahi kupewa kazi ya kugawa mikopo ya serikali kwa wakulima wa mpunga. Mikopo hiyo haikurudi, maana watu waliiona kuwa zawadi. Tangu 1984 benki ilibadili mwendo. Matawi yake madogo ya vijijini yaliachwa yajitegemee: yakopeshe biashara yoyote ndogo yenye faida, yatoze riba inayolipa gharama, na yapokee akiba ya mwananchi hata iwe ndogo namna gani. Dhoruba ya 1998 ilipovuma, wakati mabenki makubwa yalipoanguka kwa madeni ya matajiri, wakopaji wadogo wa vijijini waliendelea kulipa, na akiba zao zikaongezeka. Hapana shaka mnyonge ni mwaminifu akitendewa kama mtu mzima.

Sasa turudi kwenye vyama vipya. Kanuni za mwaka 2025 ziliruhusu kila kimoja kukopa katika benki za serikali mpaka rupia bilioni 3, na fungu ambalo kila kijiji hupata kutoka serikalini tangu 2015 likawekwa kuwa kinga ya deni. Maana yake ni kwamba chama kikishindwa kulipa, fedha iliyokuwa ya barabara na mfereji wa kijiji ndiyo itakayolipa. Aliyekopa ni mwenye kiti. Atakayelipa ni mwanakijiji ambaye pengine hakuhudhuria hata mkutano mmoja. Tena mama mwenye warung anauliza: ghala hilo litaniuzia mchele kwa bei ya jumla nami nipate faida, au litafungua duka mbele ya kibanda changu?

Wala sisi hatusemi haya kwa kuwacheka wenzetu. Mwaka 1976 serikali yetu wenyewe ilivivunja vyama vikuu vya ushirika kwa amri, na ilipofika 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Twajua kwamba chama huvunjwa kwa siku moja, na imani ya mwanachama hujengwa kwa miaka.

Kwa hiyo twasema wazi. Serikali ina wajibu mkubwa kwa watu hawa, lakini wajibu huo una mipaka. Iwape mafunzo ya hesabu na wakaguzi wasiohongeka. Iwalinde wachuuzi wasifukuzwe ovyo barabarani. Iwafikishie bima: mchango wa chini wa ajali na kifo kwa wasio na mwajiri uliwekwa kuwa rupia 16,800 kwa mwezi, lakini wengi wangali nje ya mpango huo, kwa sababu hakuna aliyewaendea walipo. Lakini kumchagua mwenye kiti, kupanga bei, kukubali deni au kulikataa, hayo ni ya wanachama, katika mkutano wao, kwa kura zao.

Vyama 80,000 vikiwa vya wanachama, mlanguzi wa ijon atatafuta kazi nyingine. Vikiwa vya wakubwa, mkulima atakuwa amebadilishiwa mlanguzi tu. Kibao cha chama hupakwa rangi kwa siku moja. Daftari la wanachama ndilo litakaloonyesha ushirika huo ni wa nani.