Uchambuzi: Chuo cha ufundi kimefungua lango, je, karakana?

Rwanda imeamua kwamba njia ya vijana wengi kuelekea kwenye ajira itapitia katika vyuo vya ufundi. Mkakati wa Taifa wa Mageuzi wa 2017 hadi 2024 uliweka lengo la asilimia 60 ya wanafunzi wanaomaliza mwaka wa tatu wa sekondari kujiunga na elimu ya ufundi. Mwaka huohuo wa 2017 sheria iliunda Rwanda Polytechnic, taasisi yenye vyuo vinane katika pembe zote za nchi, kikiwamo kile cha Kicukiro, jijini Kigali, ambacho wakazi wengi wangali wanakiita IPRC.

Ikiwa hiyo ndiyo barabara kuu, basi kubaki nje yake si jambo dogo. Kijana asiyeona, asiyesikia au anayetumia kiti cha magurudumu akikosa nafasi katika chuo cha ufundi, hakosi cheti peke yake. Anakosa njia ambayo taifa lenyewe limeichagua kuwa ya kawaida, na anarudishwa katika ile hali ya zamani ya kutegemea ndugu na wafadhili.

Kisheria, suala hili lilikwisha kuamuliwa. Rwanda ilipitisha sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu Januari 2007, na Desemba 2008 ikauridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Mwaka 2011 likaundwa kwa sheria Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, NCPD. Katika Baraza la Wawakilishi lenye viti 80, kiti kimoja ni cha mwakilishi wa watu wenye ulemavu. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilitoa sera iliyoboreshwa ya elimu jumuishi. 

Hata hivyo, wengi husoma mkataba huo kwa haraka na kuuona kama tamko la huruma. Ibara yake ya 24 haiishii katika shule za msingi, bali inataja waziwazi elimu ya juu, mafunzo ya kazi na elimu ya watu wazima. Nayo ibara ya pili inasema jambo zito zaidi: kukataa kumfanyia mtu mwenye ulemavu marekebisho ya kadiri ambayo yanawezekana ni ubaguzi. Mkataba haukuita jambo hilo upungufu wala uhaba wa fedha.

Hapa niruhusiwe kusema neno kama mtu ambaye kazi yake ni kutafsiri habari. Neno la Kiingereza linalotumiwa kwa marekebisho hayo lina maana mbili, na maana inayojulikana zaidi ni ile ya mahali pa kulala. Nimewahi kupokea waraka wa Kiswahili ulioahidi kuwa wanafunzi wenye ulemavu watapatiwa "malazi yanayofaa". Msomaji angedhani kwamba haki yake ni kitanda bwenini. Haki aliyopewa ni kubwa kuliko hiyo: chuo kibadili namna ya kufundisha, kutahini na kupanga vifaa ili aweze kusoma sawa na wenzake.

Majina nayo yana historia yake. Katika Kinyarwanda, neno la zamani "ikimuga" lilimlinganisha mtu na chungu kilichovunjika, na sasa matumizi rasmi ni "umuntu ufite ubumuga", yaani mtu mwenye ulemavu. Kiswahili hakiwezi kujigamba mbele ya Kinyarwanda. Kipofu, kiziwi, kiwete na kilema vyote vimekaa katika umbo la kiti na kisu, ingawa sarufi huvipatanisha kama watu. Kubadili jina hakujengi chochote, lakini mwalimu anayemwita mwanafunzi "yule kiziwi" mbele ya darasa tayari amewafundisha wengine thelathini somo ambalo halimo katika mtaala.

Ndani ya karakana

Maendeleo yaliyo rahisi kuonekana yako langoni. Amri za mawaziri zilizotolewa mwaka 2009 ziligusa pia majengo, na leo njia mteremko mbele ya jengo jipya la umma jijini Kigali si jambo la ajabu. Njia hiyo hupigwa picha vizuri, hujengwa kwa siku chache, na hutajwa katika kila taarifa ya mwaka. Lakini elimu ya ufundi haitolewi mlangoni. Inatolewa mbele ya mashine, na huko ndiko ahadi inakopimwa.

Chukua mfano wa somo la uchomeleaji. Mwalimu ameinamia chuma, mgongo wake ukiwa kwa wanafunzi, na anaeleza huku akichomelea. Mwanafunzi asiyesikia amevaa kinga ya uso yenye kioo cheusi. Haoni midomo ya mwalimu, haoni mikono ya mkalimani, anaona cheche tu. Hata chuo kikiajiri mkalimani hodari kuliko wote nchini, mwanafunzi huyo hatapata kitu iwapo mwalimu hatabadili mpangilio wake: aeleze kwanza kinga zikiwa juu, kisha atende, kisha asimame na kurudia. Badiliko hilo halihitaji hata faranga moja, na wanafunzi wanaosikia watafaidika nalo pia, kwani katika kelele za karakana wengi wao huwa hawakusikia vizuri.

Katika useremala, tatizo ni urefu wa meza na upana wa njia kati ya mashine. Meza iliyotengenezwa kwa mtu anayesimama humwacha aliyeketi akifanya kazi mikono ikiwa usawa wa uso, hali ambayo ni hatari mbele ya msumeno. Nyaya zilizotandazwa sakafuni humzuia anayetumia kiti cha magurudumu na humwangusha asiyeona. King'ora cha hatari kisichoambatana na taa inayomulika hakimwambii lolote asiyesikia. Kwa mwenye uoni hafifu, rangi ya kung'aa kwenye kingo za ngazi na za mashine inaweza kuwa tofauti kati ya kubaki katika kozi na kuiacha.

Teknolojia ya habari huonekana rahisi zaidi, lakini nayo ina mitego. NVDA, programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye kompyuta, hutolewa bure. Hata hivyo mara nyingi hushindwa kusoma vizuri maelezo ya somo ambayo mwalimu ameyapiga picha kutoka kitabuni na kuyatuma kama picha. Mwanafunzi asiyeona anabaki akimwomba mwenzake amsomee, na siku mwenzake akiwa na shughuli zake, hana somo.

Mifano hii inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya gharama ambayo wakuu wa vyuo huihofia ni maandalizi ya mwalimu, si ununuzi wa vifaa. Zipo gharama halisi, kama wakalimani, meza zinazopandishwa na kushushwa, na vitabu vya nukta nundu. Pale ambapo chuo hakina fungu la bajeti kwa ajili ya mambo hayo, mzigo huangukia familia, na familia ikishindwa, kijana huandikwa kuwa "ameacha masomo kwa hiari". Usemi huo ungefaa kuchunguzwa kila unapotokea katika kumbukumbu za chuo.

Nani anahesabiwa

Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 3.4 ya wakazi wa Rwanda wenye umri wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu, zaidi ya watu 390,000. Sensa ya 2012 ilikuwa imetoa kiwango cha karibu asilimia 5. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, linakadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani ana ulemavu mkubwa wa aina fulani. Tofauti kubwa namna hiyo hutokana zaidi na namna ya kuuliza. Ukimuuliza mtu kama yeye ni mlemavu, wengi watakana, ama kwa aibu ama kwa kuwa hawajioni hivyo. Ukimuuliza kama anapata shida kuona ubaoni au kupanda ngazi, atajibu.

Kwa chuo, hili si suala la wanatakwimu. Fomu ya usajili yenye kisanduku kimoja cha "ndiyo" au "hapana" itawanasa wenye fimbo nyeupe na viti vya magurudumu na kuwaacha wenye usikivu hafifu, wenye kifafa, wenye matatizo ya afya ya akili. Chuo kikiamini kina wanafunzi watatu wenye ulemavu, kitapanga kwa ajili ya watatu.

Kisha kuna mafunzo ya vitendo kazini, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kizuizi kisichozungumzwa vya kutosha. Tangu sera ya mafunzo mahali pa kazi ya 2015, muda wa mwanafunzi katika kiwanda, hoteli au gereji umekuwa nguzo ya mfumo mzima. Chuo chaweza kurekebisha karakana yake, lakini hakiwezi kurekebisha gereji ya Gatsata wala karakana za Agakiriro ka Gisozi, ambako maseremala na wachomeleaji wa jiji hili wamejazana. Mwenye karakana anaogopa ajali, anaogopa lawama, na ni rahisi kwake kusema kwamba nafasi zimejaa. Sheria ya 2007 inampa mtu mwenye ulemavu kipaumbele cha kuajiriwa pale anapolingana kwa alama na mshindani wake. Kipaumbele hicho hakimfikii yule aliyekosa alama kwa sababu hakuna aliyempokea mafunzoni.

Vyuo vya pekee au vya wote?

Jirani zetu wa Kenya walichukua njia nyingine. Wana taasisi za ufundi za pekee: Machakos kwa wasioona, Karen jijini Nairobi kwa wasiosikia. Faida yake ni kwamba mwanafunzi asiyesikia humkuta mwalimu anayejua lugha ya alama. Hasara yake ni uchache wa fani na umbali kutoka nyumbani, na mwajiri ambaye hajawahi kusoma pamoja na mtu mwenye ulemavu humwona kama mgeni.

Rwanda nayo ina urithi wa namna hiyo. Gatagara, huko Nyanza, ilianzishwa mwaka 1960 na Padri Joseph Fraipont Ndagijimana, na kwa miaka mingi ilikuwa karibu mlango pekee wa elimu kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Umoja wa Wasioona wa Rwanda una kituo Masaka, hapa Kigali, kinachowafundisha watu wazima nukta nundu na kutembea kwa fimbo nyeupe. Kosa lingekuwa kudhani kwamba sera ya elimu jumuishi imevipitisha vituo hivi. Ujuzi uliokusanywa Gatagara na Masaka kwa miongo kadhaa ndio hasa unaohitajika Kicukiro, na njia nyepesi ya kuupata ni kuwaalika walimu wa huko wakae na walimu wa karakana kwa majuma machache.

Wasiosikia wanakabiliwa na jambo la ziada ambalo wasikilizaji wetu wa Nyamirambo na Biryogo watalielewa kuliko wengine. Rwanda ina lugha nne rasmi: Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa na, tangu 2017, Kiswahili. Sote tunajua jinsi ilivyo kuwa na lugha iliyopewa hadhi kwenye sheria huku fomu ofisini hazimo katika lugha hiyo. Watumiaji wa lugha ya alama ya Rwanda hawamo hata katika orodha hiyo ya nne, ingawa vyama vyao vimeomba kwa muda mrefu lugha yao itambuliwe. Na hata mkalimani akipatikana, lugha ya alama ya darasani ina upungufu wa istilahi za ufundi. Sisi wa Kiswahili tulihangaika kutafuta maneno ya umeme na hidroliki, na tulikuwa na kamusi na mabaraza ya lugha. Wao huzibuni ishara hizo papo hapo, mkalimani na mwanafunzi, na mwaka unaofuata huanza upya na mkalimani mwingine.

Nchini Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 inavitaka vyuo vijiandae kabla mwanafunzi mwenye ulemavu hajafika, badala ya kungoja aombe. Uingereza ina fedha nyingi zaidi, na huko pia malalamiko hayajaisha, lakini wazo lenyewe halihitaji utajiri bali kalenda. Mwaka wa fedha wa Rwanda huanza Julai mosi, na maombi ya bajeti huandaliwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Wanafunzi wapya huripoti baada ya bajeti kupita, kwa kawaida kuanzia Septemba. Mahitaji ya kijana yakijulikana siku anapofika, chuo kitamjibu kwa ukweli kwamba hakuna fungu, na meza yake itaombwa katika bajeti ya Julai inayofuata. Atakapoipata, mwaka wake wa kwanza wa masomo utakuwa umekwisha.

Kamati za NCPD huchaguliwa kuanzia ngazi ya seli hadi wilaya, na zinawajua vijana walioko sekondari miaka miwili au mitatu kabla hawajaomba chuo. Orodha hiyo ikifika kwa wakuu wa vyuo mwezi Januari, bado kuna muda wa kuiingiza katika bajeti.