Kibali ni cha Mwajiri, Umri ni wa Mwalimu

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii yafaa kukumbukwa kila inapozungumzwa hali ya walimu Wakenya wanaofundisha katika nchi jirani ya Tanzania. Walimu hao wana vyeti vyao, wana ujuzi wao na wana miaka yao ya utumishi. Hata hivyo, kibali kinachowaruhusu kuingia darasani huombwa na mwajiri, na mwajiri akiwaacha mkono, kibali nacho hupoteza maana.

Katika Kaunti ya Kajiado jambo hili si la mbali. Kaunti hiyo inapakana na Tanzania, na barabara inayopita Kitengela na mji wa Kajiado huendelea hadi Namanga na kisha Arusha. Mwalimu wa Entarara asiyepata ajira ya serikali haoni ajabu kuvuka mpaka kutafuta riziki. Tangu 1967, lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma nchini Tanzania imekuwa Kiswahili. Shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zilipoongezeka, hasa baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995, wenye shule hizo walitafuta walimu kutoka Kenya na Uganda. Kwa muda mrefu mwalimu Mkenya alipokelewa kwa mikono miwili.

Mambo yalibadilika mwaka 2015, Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni. Sheria hiyo ilimpa Kamishna wa Kazi mamlaka ya kutoa vibali vya kazi Tanzania Bara, mamlaka ambayo awali yalikuwa yametawanyika katika idara mbalimbali. Kibali kilitolewa kwa miezi 24, kikaweza kuhuishwa, lakini jumla ya muda wake haikupaswa kuzidi miaka mitano. Aidha, mwajiri alitakiwa kuonyesha kwamba amemkosa Mtanzania mwenye ujuzi huo, na kuwasilisha mpango wa kumwandaa mwenyeji atakayeshika nafasi ya mgeni. Baada ya kibali cha kazi ndipo hufuata hati ya ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa kubuni, mwenye umri wa miaka 41, aliyeajiriwa na shule moja ya binafsi mjini Arusha. Miaka miwili ya kwanza hupita upesi. Kibali kikikaribia kwisha, hawezi kwenda mwenyewe kukihuisha kama anayelipia leseni ya gari. Sharti mwajiri atake, aandike na alipe. Mwajiri akichelewa, anayehesabiwa kuwa mkaazi asiye halali ni mwalimu. Akipata shule nyingine yenye mshahara bora, hahami na kibali chake. Mwajiri mpya huanza maombi upya, na mwalimu hawezi kufundisha kabla maombi hayo hayajakubaliwa. Ni nani basi atakayethubutu kudai malimbikizo ya mshahara mbele ya mtu anayeshikilia kalamu ya kumwombea kibali?

Kijana wa miaka 25 aweza kulistahimili jambo hilo. Akinyimwa kibali hufunga mkoba wake, akarudi kwa wazazi na kuanza upya. Mtu wa makamo hana nafasi hiyo. Ana watoto shuleni, pengine katika mji ule ule anaofanyia kazi, na ruhusa ya watoto hao kukaa ugenini hutegemea ruhusa ya mzazi wao. Ana wazazi wazee nyumbani wanaotazamia msaada wake kila mwezi.

Zaidi ya hayo, akigeuka nyuma aukuta mlango wa nyumbani nao unafungwa. Kwa miaka mingi miongozo ya Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, imetaja umri wa miaka 45 kuwa kikomo cha kuajiriwa kwa masharti ya kudumu yenye pensheni. Mwalimu wetu aliyeondoka akiwa na miaka 41 na kumaliza miaka yake mitano ugenini atarejea akiwa na miaka 46. Mlango wa Arusha umefungwa kwa sababu amekaa sana. Mlango wa Nairobi umefungwa kwa sababu amezeeka. Ilhali umri wa kustaafu nchini Kenya ni miaka 60, tangu ulipoongezwa kutoka 55 mwaka 2009. Mtu huyu ana miaka 14 ya kufundisha iliyobaki, na hana wa kumpa chaki.

Tuangalie pia suala la akiba ya uzeeni. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, NSSF, humtaka mwanachama awe amechangia kwa miezi 180, yaani miaka 15, ndipo apate pensheni ya kila mwezi. Mgeni aliyewekewa kikomo cha miaka mitano hawezi kamwe kuifikia hesabu hiyo. Hata kikomo kikisogezwa mbele kwa miaka michache, jawabu ni lile lile. Katika umri ambao wenzake wa rika moja wanahesabu miaka ya pensheni, yeye anahesabu miezi ya kibali.

Haitakuwa haki kuilaumu Tanzania peke yake. Nchi hiyo ina wahitimu wake wa ualimu wasio na kazi, na serikali yoyote ina wajibu wa kuwatazama wananchi wake kwanza. Isitoshe, Kenya nayo haina usafi wa kujivunia. Sheria yetu ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 huutoa kibali cha kazi cha daraja la D kwa ajira maalumu chini ya mwajiri maalumu. Mtanzania anayefanya kazi Kitengela kwa kibali hicho amefungwa kwa kamba ile ile. Ni kweli kwamba mnamo Novemba 28, 2017, Rais Uhuru Kenyatta alipoapishwa kwa muhula wa pili alitangaza kwamba raia wa Afrika Mashariki wangeweza kufanya kazi na kuishi Kenya kwa kitambulisho tu. Lakini tangazo la jukwaani si sheria, na mwenye kibali hukaguliwa kwa sheria.

Nchi zetu ziliahidiana zaidi ya hayo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010. Ilitambua haki ya mfanyakazi kuvuka mpaka na familia yake, na ikaahidi kanuni kuhusu mafao ya hifadhi ya jamii. Kila nchi hata hivyo ilichagua fani ambazo ingewafungulia majirani, na utoaji wa vibali ukabaki mikononi mwa serikali moja moja. Kituo cha pamoja cha Namanga kilizinduliwa Desemba 1, 2018, na siku hizi msafiri hukaguliwa chini ya paa moja. Lakini mwalimu aliyevuka kwa wepesi huo hufika Arusha, mji wenye makao makuu ya Jumuiya, akawa mgeni kama mgeni mwingine yeyote.

Kuna mambo matatu yanayoweza kutendwa. Kwanza, kibali kiandikwe kwa jina la fani na mtu, ili mwalimu aweze kuhama shule bila kuanza upya, na apewe muda wa kutafuta mwajiri mwingine anapoachishwa kazi. Pili, michango ya hifadhi ya jamii ihesabiwe kwa pamoja, ili miaka mitano ya Tanzania iungane na kumi ya Kenya. Tatu, TSC iutazame upya umri wa miaka 45 kwa mwalimu aliyekuwa akifundisha katika nchi ya Jumuiya, kwani hakuwa amelala.

Mwanafunzi anayesomea ualimu naye aifanye hesabu hii kabla hajavuka mpaka. Ajue tarehe ya kibali chake kama ajuavyo siku yake ya kuzaliwa, atunze nakala za mikataba, na aendelee kuchangia kwa hiari katika NSSF ya Kenya. Hayo hayatamaliza udhaifu wa sheria. Kazi hiyo ni ya serikali zilizotia sahihi, na mwalimu wa miaka 45 hana muda mrefu wa kuzisubiri.