Kusema na Watu si Kuwasema

Wakati wa likizo ya Agosti iliyopita nilifika Siongiroi, katika eneo la Chepalungu, Kaunti ya Bomet, kumjulia hali rafiki yangu wa siku nyingi ambaye ni mwalimu wa shule ya upili. Ilikuwa siku ya soko. Karibu na mahali wanapouziwa mbuzi, mhubiri mmoja alikuwa ameweka kipaza sauti juu ya kiti cha plastiki, akawa anawaonya watu juu ya "wale Wamormoni". Alieleza kwamba wale ni vijana wanaotembea wawili wawili, wamevaa shati jeupe na tai, na kwamba yeye mwenyewe aliwaona katika mitaa ya Eldoret. Akasema wale wana Biblia nyingine na Yesu mwingine. Hatimaye akapandisha sauti na kutangaza kwamba wale ni waabudu Shetani waliojificha ndani ya suti.

Mhubiri huyo alikuwa hodari wa lugha. Alihubiri kwa Kiswahili, na kila alipotaka watu wacheke aliingia katika Kikipsigis, nao wakacheka. Alipomaliza, nyanya mmoja aliyekuwa akiuza mursik, ambaye wenyeji wote walimwita Kogo kwa heshima ya umri wake, alimwuliza kwa upole: "Pasta, umewasema sana hao watu. Je, umesema nao?"

Watu wakacheka tena, safari hii bila ya kuchekeshwa na mhubiri. Yeye alijibu kwamba hakuna haja ya kusema na giza, akafungasha vyombo vyake. Mimi nilibaki nimesimama. Nimefundisha isimu chuoni kwa zaidi ya miaka kumi, na sikumbuki mhadhara wangu uliowahi kueleza kwa maneno machache namna hiyo tofauti iliyopo baina ya kusema na mtu na kumsema mtu. Kiswahili kimeziweka maana hizo mbili katika kitenzi kimoja. Ukisema na mtu, yeye yupo mbele yako na anaweza kukujibu. Ukimsema, aghalabu hayupo, na kama yupo, maneno yako hayamwombi jibu.

Naomba wasomaji wangu, hasa walimu wenzangu na wanafunzi, walitazame jambo hili pamoja nami, kwa sababu linahusu zaidi ya soko moja na mhubiri mmoja.

Tuanze na haki ya mhubiri. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani, pamoja na uhuru wa kuidhihirisha imani hiyo hadharani. Kifungu cha 33 kinampa uhuru wa kujieleza, ingawa kinakataza matamshi ya chuki na kumtaka kila mtu aheshimu haki na sifa za wengine. Kwa hivyo, mhubiri wa Siongiroi ana haki kamili ya kusimama sokoni na kusema kwamba Wamormoni wamekosea. Anaweza kulisema hilo kwa ukali. Isitoshe, Wamormoni wenyewe hubisha hodi katika nyumba za Wakristo wengine na kuwafundisha kwamba kanisa la asili lilipotea baada ya mitume, likarudishwa duniani kupitia kwa Joseph Smith. Anayebisha mlango wa mwenzake kwa ujumbe kama huo hawezi kulalamika akibishiwa.

Tena tofauti zenyewe si za kubuni. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo ndilo jina lao rasmi, lilianzishwa katika jimbo la New York mwaka 1830. Linakubali Biblia, lakini pia lina Kitabu cha Mormoni, kilichochapishwa mwaka huo huo, ambacho wao hukiona kuwa neno la Mungu. Wanafundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizo mbalimbali kabisa, na kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Hubatiza walio hai kwa niaba ya waliokufa. Mkristo anayefuata mapokeo ya Utatu hawezi kuyasikia hayo na kunyamaza kana kwamba hakusikia kitu. Mwaka 2001 Vatikani ilitamka kwamba ubatizo wa kanisa hilo hautambuliwi na Kanisa Katoliki. Hilo lilikuwa tamko zito, lakini lilitolewa kwa hoja ya mafundisho, na hakuna aliyeitwa Shetani.

Kwa hivyo, tatizo la mahubiri yale halikuwa ukali wake. Tatizo lilikuwa katika sarufi. Mhubiri alitumia nafsi ya tatu tangu mwanzo hadi mwisho. Hakusema hata mara moja "ninyi" akiwakusudia Wamormoni. Alisema "wale", kiashiria ambacho Kiswahili hukitumia kwa walio mbali na msemaji na mbali na msikilizaji pia. Hadhira yake ilikuwa ya watu waliokwisha kukubaliana naye, na wanaoshutumiwa hawakuwapo. Injili, kwa asili yake, ni ujumbe anaopelekewa mtu. Hudai nafsi ya pili. Waliowaletea Wakipsigis Ukristo mwanzoni mwa karne ya 20, na wale wa Tenwek waliofuata, iliwabidi wajifunze Kikipsigis, kwa kuwa huwezi kumwambia mtu neno la maana bila ya kuijua lugha yake na kusikia anavyolijibu. Biblia ya Kikalenjin isingepatikana kwa kuwasema Wakalenjin.

Nafsi ya pili haimlegezi mhubiri. Bali humpa maswali makali zaidi. Mathalani, angekaa na wale vijana wawili wa Eldoret angeweza kuwauliza: "Kwa nini kanisa lenu liliwanyima wanaume weusi ukuhani hadi Juni 1978?" Hilo ni swali ambalo Mwafrika ana haki ya kuliuliza na kungoja jibu. Wao wangelazimika kueleza kwa nini zuio hilo lilidumu kwa zaidi ya miaka 100, na kwamba mwaka 2013 kanisa lao lilichapisha maelezo ya kuzikataa nadharia zilizotumiwa zamani kulitetea. Msikilizaji angepima mwenyewe kama jibu linatosha. Ukimwita mtu Shetani, swali kama hilo halina nafasi tena, kwa maana nani atamwuliza Shetani maswali ya historia?

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba haya ni maneno ya sokoni tu, na yanaishia sokoni. Laiti ingekuwa hivyo. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza madai ya ibada ya Shetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na wengi wa wanachama wake walikuwa viongozi wa makanisa. Ripoti ilikamilika mwaka 1995, ikawekwa hadharani mwaka 1999. Humo ilidaiwa kwamba waabudu Shetani wamepenya katika makundi ya kidini yaliyotoka ng'ambo, wakiwamo Mashahidi wa Yehova na Wamormoni, na kuyafanya kuwa milango ya kuingilia katika Ushetani. Wakati huo Wamormoni walikuwa kanisa lililosajiliwa nchini tangu mwaka 1991. Neno la kipaza sauti lilikuwa limepata jalada na muhuri wa serikali. Robo karne baadaye, nililisikia likirudi sokoni kutoka kinywani mwa kijana ambaye yamkini hakuwa ameanza shule ripoti ile ilipotolewa.

Watu wa Kericho na Bomet hawahitaji kufundishwa na mimi jinsi jina linavyoweza kugeuka kuwa sheria. Kwa miaka mingi ya ukoloni Wakipsigis waliandikwa katika majalada ya serikali kuwa "Lumbwa", jina walilopachikwa na wengine na ambalo hawakulipenda. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria mahsusi ya kuwaondoa Walaibon, yaani ukoo wa Talai. Viongozi wao wa kiroho walishutumiwa kuwa wachawi na wachochezi, na mamia ya watu, pamoja na wake na watoto, walihamishwa hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni kwenda Gwassi hakuwa na kosa lolote zaidi ya jina la ukoo wake. Wakoloni hawakusema na Talai. Waliwasema, kisha wakapitisha sheria.

Kinaya ni kwamba hata "Mormoni" ni jina la kupachikwa, ingawa wenyewe walilizoea kwa muda mrefu. Mwaka 2018 aliyekuwa rais wa kanisa hilo, Russell Nelson, aliwahimiza waumini na watu wote walitumie jina kamili. Mimi nimelitumia hilo fupi hapa kwa sababu ndilo lililotajwa sokoni na ndilo wasomaji wanalolifahamu. Lakini mtu anayetaka kusema nao angeanza kwa kuwauliza waitwe nani.

Iko hoja moja nzito ambayo siwezi kuikwepa. Mwaka 2023 tulifukua zaidi ya miili 400 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Je, si kweli kwamba tulichelewa kuonya? Je, si bora mhubiri apige kelele kupita kiasi kuliko anyamaze?

Nakubali kwamba tulichelewa. Lakini tuangalie tulichelewa katika nini. Kilichohitajika Shakahola ni kuyatazama matendo: watoto walioondolewa shuleni, wagonjwa waliokatazwa dawa, familia zilizokatwa mawasiliano na jamaa zao. Hayo yanaweza kuthibitishwa mahakamani bila ya hakimu kuamua nani ana Yesu wa kweli. Tukiwaita Mashetani wote ambao mafundisho yao ni mageni kwetu, neno hilo huchakaa, na siku hatari ya kweli ikija halitamshtua mtu. Mchunga kondoo katika hadithi tuliyofundishwa utotoni alipiga ukelele wa uongo kuhusu chui, na chui wa kweli alipofika hakuna aliyetoka nje.

Tangu wakati huo taifa limekuwa likijadili namna ya kusimamia mashirika ya kidini, na jopokazi lililoongozwa na Kasisi Mutava Musyimi liliwasilisha ripoti yake mwaka 2024. Sina ugomvi na sheria ya kulinda uhai wa watu. Ninachohofia ni kwamba katika mjadala huo msamiati wa sokoni unaweza kupenya tena, kama ulivyopenya katika tume ya 1994, na kwamba makanisa makubwa yatashawishika kuitumia dola kumaliza mabishano ambayo yangepaswa kumalizwa kwa hoja. Leo ni zamu ya Wamormoni, ambao hekalu lao la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025. Kesho ni zamu ya kanisa dogo la mabati ambalo pengine ni la mhubiri yule yule.

Mfano wa njia nyingine unapatikana huko huko Utah, Marekani, makao makuu ya Wamormoni. Kwa miaka mingi wahubiri wa Kikristo wamekuwa wakisimama nje ya mikutano mikuu ya kanisa hilo mjini Salt Lake City wakiwapigia waumini kelele, na mwaka 2003 baadhi yao walipeperusha hadharani mavazi ambayo Wamormoni huyahesabu kuwa matakatifu. Mwaka uliofuata, Richard Mouw, aliyekuwa mkuu wa Chuo cha Fuller cha theolojia, mwinjilisti asiyeficha tofauti zake na mafundisho yao, alisimama katika ukumbi wa Wamormoni wenyewe na kuwaomba radhi kwamba wainjilisti wamewasingizia mara nyingi, wakiwatangazia wanachoamini badala ya kuwauliza. Wapo wenzake waliomkasirikia. Lakini tangu hapo kila alipowapinga, walijua kwamba anawapinga wao, wala si sanamu aliyoichonga mwenyewe.

Walimu wenzangu, tunayo nafasi darasani ambayo mhubiri hana sokoni. Tunapowafundisha wanafunzi kuandika insha za mjadala, tuwape sharti moja la ziada: kabla ya kuupinga upande wa pili, mwanafunzi auandike kwa maneno ambayo mtu wa upande huo angeyasoma na kusema, "Naam, hivyo ndivyo tunavyoamini." Asiyeweza kufanya hivyo hajawa tayari kupinga. Nanyi wanafunzi, mkimsikia mtu akitaja "wale, wale" mbele ya kipaza sauti, hata kama ni mtu wa dini yenu na hata kama mnadhani ana haki, ulizeni walipo ili nao wasikike.

Wahenga walinena kwamba akutukanaye hakuchagulii tusi. Mimi ningependa kuongeza kwamba akutukanaye usipokuwapo hakupi hata nafasi ya kujua umetukanwa nini. Mhubiri wa Siongiroi bado ana deni la kulijibu swali la Kogo, na namtakia nauli ya kwenda Eldoret.