Kiboko ana kiwango, ziwa halina

Ndugu Mhariri,

Maoni yangu ni kuhusu msaada wa Serikali kwa wakulima wanaopoteza mazao kwa mafuriko ya Ziwa Victoria.

Huku kwetu kiboko akitoka majini usiku akala mahindi yako, ipo sheria. Kanuni za mwaka 2011, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009, zilimpangia mkulima aliyeharibiwa shamba na mnyama hatari kifuta jasho cha kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kwa kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na zisizidi ekari 5. Ni kidogo, hakitoshi hata mbegu na kibarua, lakini mtu anajua aende kwa nani na adai nini.

Sasa ziwa lenyewe likitoka likala shamba zima, hakuna kiwango. Mwezi Mei 2020 maji yalifika alama ambayo haikuwa imeonekana tangu 1964, na Mei 2024 yakapita hata hiyo. Mwaka ule wa 2020 nilipoteza bustani yote ya nyanya na kabichi. Alikuja bwana mmoja na daftari, akatuandika majina, akahesabu hatua kutoka ukingo wa maji, kisha akatuambia wengi wetu tumo ndani ya mita 60. Habari ikaishia hapo.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na mimi siipingi. Tena nakiri kwamba ziwa liliposhuka sana mwaka 2006 wapo wenzetu walioyafuata maji hadi kwenye matete wakapanda mchicha. Hao wajilaumu wenyewe. Lakini mita 60 kutoka wapi? Penye ufuko tambarare, maji yakipanda kwa mita moja tu huingia nchi kavu hatua nyingi sana. Ukipima siku ya mafuriko, mkulima aliyekuwa halali jana anakuwa mvunja sheria leo, na jembe lake hajalisogeza!

Najua nitajibiwa kwamba mafuriko hupiga maelfu kwa mara moja na Hazina haiwezi kulipa wote, na kwamba msaada wa maafa ni chakula, mahema na mablanketi. Sawa, aliyebomokewa nyumba apewe blanketi. Mimi nyumba yangu ilisimama. Nilichohitaji ni mbegu na mafuta ya pampu kabla msimu haujapita. Na kifuta jasho cha kiboko hakikuitwa fidia, ndiyo maana kikawekewa kikomo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka Mfuko wa Maafa. Je, haiwezekani mafuriko nayo yapangiwe kiwango kidogo chenye kikomo, hata kama ni kwa mbegu badala ya fedha?

Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria iko hapa hapa Mwanza, na kupima kina cha ziwa ni kazi yake. Naiomba isimike vigingi ufukoni kabla ya masika yajayo, ili kila mmoja wetu aone shamba lake liko upande gani.

Mkulima wa Bustani,
Nyegezi, Mwanza.