Shida ya Kipese haina fakulte moja: vyuo vya Butembo na Beni vifundishe wanafunzi kufanya kazi pamoja

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, mjini Butembo na Beni, wanafunzi wa mwisho hupanga foleni mbele ya nyumba za kuchapisha na kushona vitabu. Kila mmoja ana kazi yake mkononi, ile ambayo wote huiita TFC au memwari. Ataitetea mbele ya maprofesa, atapigiwa makofi, familia itapika. Kisha nakala moja itawekwa kwenye maktaba, ifunikwe na vumbi. Mkulima aliyejibu maswali ya mwanafunzi huyo hataiona hata siku moja.

Si kwamba wanafunzi ni wavivu, au kwamba maprofesa hawajui kazi yao. Tatizo ni namna kazi yenyewe ilivyopangwa. Mwanafunzi wa agronomia anaandika peke yake juu ya ugonjwa wa viazi. Wa uchumi anaandika peke yake juu ya bei. Wa sheria anaandika juu ya kodi za barabarani, na wa udaktari juu ya sumu ya dawa za mashamba. Wote wanne wamezungumza juu ya mkulima yuleyule, lakini hawajawahi kuketi pamoja. Na mkulima mwenyewe hawakumwita.

Kuna njia nyingine ya kufundisha, na vyuo vikuu vya Kivu ya Kaskazini vina haja nayo kuliko vyuo vingi duniani. Wanafunzi wa fakulte mbalimbali wanawekwa katika kikundi kimoja na kupewa shida moja ya kweli ya jamii. Wanaanza kwa kusikiliza wenye shida, halafu wanataja shida yenyewe kwa maneno machache. Wanabuni mawazo mengi, wanachagua moja, wanatengeneza mfano mdogo wa bei ndogo na kuupeleka ujaribiwe na watu walewale. Ukishindikana, wanarudi kusikiliza tena. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilifungua shule yake ya ubunifu wa aina hii katikati ya miaka ya 2000, na Potsdam, Ujerumani, ikafuata mwaka 2007. Lakini mtu asiseme kwamba hii ni mambo ya wazungu. Chukudu, ile baiskeli ya mbao inayobeba magunia katika Kivu ya Kaskazini, haikutoka fakulte yoyote. Ilibuniwa na watu waliojua uzito wa mzigo, hali ya barabara na bei ya ubao, wakaijaribu na kuirekebisha mpaka ikakubali.

Ebola ilitufundisha kwa damu

Anayetaka kujua hasara ya kufanya kazi bila kusikiliza, aangalie miaka ya Ebola. Mlipuko huo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa, na Beni, Mabalako, Katwa na Butembo ni kati ya mahali palipoumia zaidi.

Upande wa sayansi, kazi kubwa ilifanyika. Watu zaidi ya 300,000 walipata chanjo. Mwezi wa Agosti 2019, jaribio lililofanyika hapahapa Kongo lilionyesha kwamba dawa mbili zinaokoa maisha ya wagonjwa wengi, na moja ya dawa hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Pamoja na hayo yote, mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili mwaka huohuo, daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo.

Sababu zilikuwa nyingi: makundi yenye silaha, siasa, uchaguzi ulioahirishwa Beni na Butembo mwezi wa Desemba 2018, pesa nyingi zilizopita machoni pa watu waliokuwa wakiomba usalama kwa miaka bila kusikilizwa. Lakini ndani yake kulikuwa pia na kosa la kazi. Waganga walijua virusi, walogistiki walijua magari, na wengine walijua mazishi salama. Mama aliyemwona mtoto wake akipelekwa nyuma ya ukuta wa plastiki, asimwone tena mpaka kaburini, alikuwa na swali moja tu: "Mmemfanya nini?" Swali hilo halikuwa la fakulte ya udaktari peke yake.

Jibu moja zuri lilitoka kwa waliosikiliza swali hilo. Shirika la ALIMA lilileta Beni, mwaka 2018, chumba cha kutibia chenye kuta zinazoonyesha ndani, kinachoitwa CUBE. Mganga aliweza kumhudumia mgonjwa kwa kuingiza mikono katika glovu zilizofungwa ukutani, bila kuvaa yale mavazi mazito kila mara. Na familia iliweza kusimama nje, ikamwona mgonjwa wao uso kwa uso na kuzungumza naye. Chumba hicho kiliwasaidia waganga na mama kwa pamoja. Anayejua virusi peke yake hawezi kukibuni, kwa sababu kinataka pia mtu anayejua ujenzi na mtu anayejua machozi ya familia.

Ebola ilirudi karibu na Butembo Februari 2021, ikarudi Beni Oktoba mwaka huohuo. Ugonjwa mwingine utakuja. Swali ni kama utawakuta vijana waliokwisha kuzoea kufanya kazi pamoja, au utawakuta tena kila mmoja na memwari yake.

Tuchukue mfano wa viazi

Tuiache hospitali, twende shambani. Kipese iko katika milima ya Lubero, nchi ya baridi ambako viazi ulaya, maharagwe na mboga hutoka kwenye miteremko mikali. Akina mama hubeba mizigo mgongoni, kamba ikivuta kichwani. Mvua ikinyesha, udongo huteremka bondeni na barabara huwa matope.

Tuseme vikundi viwili vya wanafunzi vinapewa swali: mkulima wa milima hiyo afanye nini ili viazi vimletee faida? Kikundi cha kwanza ni cha fakulte moja, tuseme ujenzi. Kitafanya haraka: kitachora ghala zuri la mabati, kitaandika bajeti, kitatafuta mfadhili. Kazi imeisha.

Kikundi cha pili kina mwanafunzi wa agronomia, wa uchumi, wa ujenzi, wa afya na wa sheria. Kinaanza kwa kuuliza, na kuuliza vizuri: si "Je, mnataka ghala?", maana hakuna atakayekataa ghala la bure, bali "Mara ya mwisho ulipouza viazi, ilikuwaje?" Huenda mama mmoja akasema aliuza kwa bei ya chini siku ileile ya kuvuna, kwa sababu mtoto alikuwa amefukuzwa shule. Huenda mwingine akasema hakuuza. Aliweka vya mbegu, vikaoza. Hapo kikundi kimepata shida mbili tofauti, na kila moja inataka jibu lake.

Mwanafunzi wa agronomia atawaambia wenzake jambo ambalo mjenzi peke yake asingelijua: kiazi cha mbegu kinapenda mwanga kidogo, ili kigeuke kijani na kutoa macho mafupi yenye nguvu. Na mwanafunzi wa afya ataongeza: kiazi cha kula kikigeuka kijani kina sumu, kwa hiyo chenyewe kinataka giza. Basi ghala moja la mabati kwa viazi vyote lingekuwa kosa. Kinachofaa kwa mbegu labda ni chanja za miti ya mikaratusi na matete chini ya paa la majani, jambo ambalo seremala wa kijiji anaweza kutengeneza. Mwanafunzi wa uchumi atauliza kama ghala litasaidia chochote ikiwa minevali ya mtoto inadaiwa kesho, na labda atapendekeza akiba ya kikundi, kama likelemba, iwakopeshe wanaosubiri bei ipande. Wa sheria ataandika mkataba mfupi, kwa lugha inayoeleweka, ili wasigombane.

Halafu wanajaribu. Hawatafuti mfadhili kwanza: wanajenga chanja moja kwa familia tatu, msimu mmoja. Zikioza, hasara ni ndogo na somo ni kubwa. Zikifaulu, jirani ataiga bila kungojea mradi.

Mlango uko wazi

Watasema sheria ya masomo hairuhusu. Lakini mfumo wa LMD, ambao wizara iliueneza katika vyuo vyote vya Kongo kuanzia mwaka wa masomo 2021–2022, unahesabu kazi yote ya mwanafunzi na si saa za kukaa mbele ya profesa tu. Kazi ya kikundi kijijini inaweza kupewa kredi zake. Kila mwanafunzi anaweza bado kupimwa peke yake: aandike sehemu yake, ajibu maswali yake, na wenzake waseme alifanya nini. Mvivu wa kikundi hujulikana mapema kuliko mvivu wa darasa la watu mia mbili.

Na si kwamba tunaanza na mikono mitupu. Université Catholique du Graben, iliyozaliwa Butembo mwaka 1989 wakati wa askofu Emmanuel Kataliko, ina agronomia, udaktari, uchumi na sheria katika mji mmoja. Université Chrétienne Bilingue du Congo ya Beni, iliyoanza 2007, imeweka kazi ya mikono na huduma kwa jamii ndani ya malezi ya wanafunzi wake, na taasisi yake ya utafiti imechora ramani za ardhi pamoja na wakaaji ili kupunguza migogoro ya mashamba. Kinachokosekana ni kuondoa ukuta kati ya fakulte na fakulte, na hata kati ya chuo na chuo.

Jirani wa Uganda wametangulia. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, mtandao wa ResilientAfrica ulianza mwaka 2012 kuwakutanisha wanafunzi na walimu wa fakulte mbalimbali wafanye kazi pamoja na jamii. Moja ya matunda yake ni EpiTent, hema la matibabu ya dharura lililobuniwa ili joto lisiwatese wagonjwa na waganga. Lakini tuone pia upande wa pili. Mtandao huo ulizaliwa kwa pesa ya USAID, na USAID ilifungwa mwaka 2025. Vyuo vya Butembo na Beni visijenge jambo hili juu ya mfadhili. Vianze na yale ambayo hayaombi dola: ratiba, kredi, na maprofesa wawili wa fakulte tofauti wanaokubali kusimamia kikundi kimoja.

Kizuizi kikubwa ni usalama, na hakuna sababu ya kukificha. Tangu M23 iteke Kanyabayonga mwezi wa Juni 2024, Lubero ya kusini imekuwa nchi ya vita na biashara ya kuelekea Goma imekuwa ngumu. Upande wa magharibi, ADF wanaua. Hakuna chuo chenye haki ya kumtuma mwanafunzi mahali ambapo hatarudi. Lakini watu waliokimbia vijiji vya Lubero wako ndani ya Butembo, wanapanga nyumba, wanatafuta maji na kazi. Shida imekuja mlangoni pa chuo. Kikundi cha kwanza kinaweza kuanza katika mtaa ambao mwanafunzi anafika kwa miguu.

Kuna na lawama ya wakaaji, nayo ni ya haki. Wamechoka na watu wenye karatasi na kalamu. Wamehojiwa na mashirika, na wanafunzi, na watu wa Ebola ambao wengi waliwaita "riposte", na majibu hayakurudi. Kwa hiyo sharti la kwanza liwe hili: utetezi wa kazi ya kikundi ufanyike mara mbili. Mara moja chuoni kwa Kifaransa, mbele ya maprofesa. Mara moja mbele ya wenye shida, kwa Kinande au Kiswahili, na maksi zao zihesabiwe. Mama wa viazi hahitaji shahada ili aseme kama chanja imefaa au haikufaa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii kila mwanafunzi wa Butembo na Beni aliijua kabla ya kujua kuandika. Kamati za vyuo zinaweza kuanza mwaka ujao wa masomo: vikundi vitano tu, shida tano tu, na kijiji au mtaa mmoja kwa kila kikundi. Memwari za kabatini hazitapungukiwa na kitu, maana zitabaki nyingi. Lakini angalau kazi tano zitakuwa na watu nje ya chuo wanaojua zilihusu nini.