UKURASA WA MAMA NA MTOTO: Mama Mzima, Mtoto Macho Manjano



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linaloleta maneno nyumbani. Mama alikuwa mzima mimba yote, mtoto kazaliwa vizuri, halafu siku ya pili macho yanakuwa manjano. Mara watu wanasema mama amelogwa, mara alikula kitu kibaya.

Sababu ziko nyingi. Moja hatuizungumzi sana. Kwenye damu kuna kimeng'enya kinaitwa G6PD, kazi yake kulinda chembe nyekundu zisipasuke. Maagizo ya kukitengeneza tunayarithi, na hayafanani kwa watu wote. Mwanamke anayo mara mbili, moja ya baba yake na moja ya mama yake. Moja ikiwa na kasoro, mara nyingi ile nyingine inamtosha. Kliniki wanamwona mzima, na ni mzima kweli. Lakini mtoto wa kiume anapata moja tu, ya mama. Hapo ni nusu kwa nusu.

Kasoro hii iko sana kwenye nchi za malaria, Uganda na Kongo pia, maana inasaidia kukinga malaria kali. Ni urithi wa mababu. Baba, usimlaumu mkeo.

Hatari inakuja na vitu vinavyopasua damu. Mwaka 2008 dawa ya malaria iitwayo Lapdap iliachwa kwa sababu iliwamalizia damu wenye upungufu huu. Basi tukumbuke haya:

1. Nguo za mtoto zisiwekwe na naftalini, zile punje nyeupe za kufukuza wadudu.
2. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha asimeze dawa ya jirani. Dawa za kliniki asiache.
3. Mtoto akigeuka manjano, hasa siku ya kwanza, au akikataa ziwa, mpeleke kituo cha afya hata usiku. Kumwanika juani hakutoshi. Manjano ikizidi inaharibu ubongo na masikio.
4. Mkitumwa Koboko au Arua, nendeni. Mwambieni daktari kama kaka yake mtoto alipata hali hiyo.

Manjano hii siyo homa ya manjano, haiambukizi. Mbebeni mtoto bila woga.

Tukutane mwezi ujao.